Chinchila ameumia kidole: lipi utibu mwenyewe, lipi umwachie daktari

Alfajiri moja ya Januari nilikuta matone ya damu kwenye rafu ya juu ya kizimba. Karafuu, chinchila wangu wa kijivu, alikuwa amejikunyata pembeni, mguu mmoja wa mbele ameuinua kama mtu anayengoja kupokea kitu. Nilipommulika kwa tochi niliona ukucha mmoja haupo na ncha ya kidole imefunikwa na damu iliyoanza kuganda. Nikakimbilia kabati la dawa. Nilirudi na spiriti, pamba, bandeji na mrija wa dawa ya kupaka iliyobaki siku nilipojikata jikoni. Kabla sijafungua hata kimoja, nikampigia simu muuguzi wa zamu kwenye kliniki ya wanyama. Hakuniuliza habari za kidole. Aliniuliza, "Anakula?"

Swali hilo lilinikera. Mnyama wangu anatoka damu, mtu ananiuliza habari za chakula! Leo, baada ya miaka ya kuishi na wanyama hawa, ndilo swali ninaloanza nalo mimi mwenyewe ninapopigiwa simu na mfugaji aliyetaharuki. Kidole cha chinchila kilichochubuka hupona chenyewe mara nyingi, kikiwekwa safi na kuachwa kitulie. Kinachomuua ni mambo yanayokizunguka: mfupa uliovunjika juu ya jeraha bila mtu kugundua, tumbo lililosimama kwa sababu maumivu yamemfanya aache kula, au dawa aliyopewa kwa nia njema.

Mguu wa mnyama wa majabali

Chinchila ni mnyama mdogo wa jamii ya panya kutoka milima ya Andes, Amerika Kusini. Chinchila wengi wanaofugwa majumbani leo wametokana na wanyama 11 tu waliopelekwa California mwaka 1923 na Mathias Chapman, mhandisi wa migodi aliyekuwa akifanya kazi Chile. Aliwashusha kutoka milimani polepole ili miili yao izoee, na safarini akawapooza kwa barafu wasife kwa joto. Karne moja imepita, na mwili wa mnyama huyu bado ni ule ule wa baridi kavu na mawe.

Ukimgeuza mguu utaona. Unyayo hauna manyoya hata kidogo. Ni nyama laini yenye mikunjo, iliyoumbwa kushika jabali. Kucha ni ndogo na dhaifu, na pembeni yake vimeota vinyweleo vigumu kama vya brashi. Hizi si kucha za kuchimba wala za kuparura, ndiyo maana kwa kawaida hazihitaji kukatwa kama za sungura. Miguu ya mbele ni mikono yake: anakalia matako, anashika jani la nyasi kavu kwa vidole na kulitafuna kuanzia nchani. Ya nyuma ni mirefu, na humrusha zaidi ya mita moja juu bila kujitayarisha.

Sasa fikiria mguu huo wa nyuma ukinaswa kwenye tundu la waya wakati mwili umekwisha kuruka. Muundi wa chinchila ni mrefu kuliko fupaja lake, una ukuta mwembamba, na mfupa mwenzake wa pembeni, ambao kwa wanyama wengine husaidia kubeba uzito, kwake ni kama haupo. Kuvunjika muundi ni miongoni mwa ajali ambazo madaktari huziona sana kwa mnyama huyu. Ndiyo sababu unapoona kidole kimechubuka, macho yako yasiishie kwenye kidole. Papasa polepole mguu mzima hadi nyongani na uulinganishe na mwenzake. Mguu unaoning'inia, unaoelekea upande usio wake, uliovimba juu ya kifundo, au ambao hataki kabisa kuukanyagia, haumo katika majeraha madogo. Mtie kwenye kisanduku kidogo asiweze kuruka, na safari ya kwa daktari ianze.

Ukimkuta bado amenasa, usimvute. Yeye mwenyewe anavuta tayari, na hapo ndipo mfupa unapovunjika. Shika kwanza kiwiliwili, kwa mkono ulio chini ya kifua na mwingine chini ya matako, uzito wote uwe juu yako. Akishatulia, sukuma kidole kirudi njia kilikopitia, au mwambie mwenzako akate waya. Kizimba kinanunulika.

Damu ni nyingi kiasi gani?

Chinchila wa gramu 500 ana damu ya takriban mililita 30 hadi 35 mwili mzima. Yote haijazi kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono vya wauza kahawa wa barazani. Kwa hiyo damu kwake ni jambo zito. Lakini macho nayo hudanganya: matone 20 hufanya mililita moja tu, na matone manne yaliyokanyagwakanyagwa juu ya rafu nyeupe huonekana kama machinjioni. Ukucha ukichomoka hutoa damu kwa fujo, kisha hukoma. Ukiona dalili kwamba amepoteza kiasi cha kijiko kizima cha chai, hiyo ni kama sehemu moja ya saba ya damu yake, na hapo usimalizie hata kusoma makala haya.

Damu husimamishwa kwa kubana. Chukua kipande cha shashi safi, kiweke juu ya kidole, bana kwa vidole viwili bila kuponda, na uhesabu dakika tano kwa saa. Usifunue kila baada ya sekunde kumi kuchungulia, maana kila ukichungulia unang'oa tone lililokuwa linaganda. Kwa ukucha uliokatika, na kwa ukucha peke yake, unaweza kudidimiza ncha kwenye wanga mweupe wa mahindi, ule laini unaotumika kuzitisha mchuzi, kisha ukabana tena. Mkato wa nyama usiutie unga wowote. Utageuka uji ndani ya jeraha na kuwa chakula cha bakteria. Damu ikiendelea baada ya kubana mara mbili au tatu, kamtafute daktari.

Kumshika ndiyo kazi yenyewe. Fanyeni wawili ikiwezekana. Mmoja amfunge chinchila kwenye taulo jepesi, mguu wenye jeraha ukibaki nje, amkumbatie kifuani. Mwingine ashughulikie mguu. Usimkamate kwa kunyakua manyoya, kwa sababu akiogopa huyaachia, ukabaki na kishungi mkononi na yeye ameruka na kupata jeraha la pili. Na usimweke kwenye taulo muda mrefu. Tundu moja la manyoya yake huota nywele zaidi ya 50, joto la mwili hutoka kupitia masikio zaidi kuliko kwingineko, na masikio yakianza kuwa mekundu jua kwamba anapata moto. Mwachie apumue, mwendelee baadaye.

Kujua unachokitibu

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea, na mimi nimekosea pia. Si kila kidole chekundu kimejeruhiwa.

La kutisha kuliko yote ni uzi. Vizimba vingi siku hizi hutandikwa flisi, kile kitambaa laini kama cha blanketi, na kitambaa kikianza kutafunwa hutoa nyuzi ndefu. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole, mnyama huhangaika, uzi hukaza, damu haipiti. Siku ya kwanza kidole kinavimba kidogo na kuwa chekundu, na mtu anasema amejigonga. Siku ya pili kinakuwa cha zambarau. Siku ya tatu ni cheusi na baridi, na hakirudi tena. Nywele ndefu, zako au zake, hufanya vilevile. Kwa hiyo kila kidole kilichovimba kikague kwa tochi na kioo cha kukuzia, ukitafuta mstari mwembamba uliodidimia kama kidole kilichovishwa pete ndogo mno. Ukiuona uzi na umelegea kiasi cha kupenyeza ncha ya mkasi butu, ukate. Ukiwa umezama ndani ya nyama, usiuchokonoe. Daktari ana vifaa na dawa ya kumlaza. Hiliki, dada yake Karafuu, alipoteza kidole cha mguu wa nyuma kwa uzi ambao mimi niliupaka dawa kwa siku mbili nikidhani ni mchubuko. Sijisamehi kirahisi kwa zile siku mbili.

Kuna choa pia, ule ugonjwa wa kuvu ambao kwa wengine ni mashilingi. Chinchila huupata hasa puani, masikioni na miguuni. Manyoya yanapukutika, ngozi inakuwa na magamba makavu meupe, lakini hachechemei na hakuna damu. Kuvu hawa huwahamia watu, watoto kwanza. Ukimpaka dawa za kutuliza mwasho zenye steroidi, unawanenepesha kuvu. Vaa glavu, mtenge na wenzake, upate dawa sahihi kwa daktari.

Kung'atwa na mwenzake ni tofauti na kujichubua. Jino la chinchila ni refu na jembamba. Linaingia ndani na kuacha tundu dogo ambalo ngozi hulifunga haraka, uchafu ukabaki chini. Tundu la namna hiyo likifungwa kabla ya kusafika, baada ya siku chache utakuta uvimbe wa moto wenye usaha. Mng'ato mimi huuhesabu kuwa wa daktari hata ukionekana mdogo kama nukta.

Kinachobaki baada ya kuyaondoa hayo yote ndicho jeraha dogo hasa: ukucha uliong'oka au kupasuka, mchubuko wa ngozi ya kidole, mkato mfupi usiofunguka ukiuachia, kibanzi cha mbao kilichoingia juujuu, unyayo mkavu uliopasuka. Anakanyagia, anakula, anakasirika ukimshika. Huyo unaweza kumtunza nyumbani.

Maji ya chumvi, basi

Kwa ukweli, sehemu hii ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Chemsha maji, pima robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, tumbukiza mguu kwa dakika moja au mbili, au kama hataki, nyunyizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Uchafu na vipande vya maranda vitaelea vyenyewe. Kisha kausha kwa shashi, ukigusa bila kusugua. Pamba usiitumie, huacha nyuzi, na nyuzi tumeshazizungumza. Mara mbili kwa siku, siku tatu za kwanza. Baadaye mara moja mpaka kigaga kiwe kikavu. Kigaga kiache kidondoke chenyewe.

Maji yaishie mguuni. Manyoya ya chinchila yakilowa hadi ndani hukawia sana kukauka, na unyevu huo ndio makao ya kuvu.

Ukitaka dawa ya kuua vijidudu, povidoni ayodini inafaa kama utaizimua kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Isiyozimuliwa inaunguza. Paka, subiri dakika chache, suuza kwa maji yako ya chumvi, kausha.

Vumbi la kuogea, lile analogaagaa ndani yake badala ya kuoga maji, liondoe hadi jeraha lijifunge. Najua atakuangalia kwa huzuni. Vumbi lile ni laini kama poda, na likiingia kwenye nyama iliyo wazi hutengeneza tope. Siku tano au saba bila kuoga hazimdhuru. Manyoya yatashikana kidogo na atayarekebisha mwenyewe siku ya kwanza atakaporudishiwa chombo chake.

Yale ya nyumbani kwetu

Bibi yangu kule Tanga alikuwa akitia kahawa ya unga kwenye mkato, na damu ilikuwa inasimama kweli. Kuna waliolelewa na mshubiri, wengine asali, wengine majivu ya jikoni, wengine mafuta ya mwarobaini. Sizidharau dawa hizo, zilitulea. Ila zilikuwa dawa za watu, na mtu hatii kidole chake mdomoni kila baada ya dakika. Chinchila chochote unachompaka mguuni atakila. Kahawa ina kafeini, ambayo kwa mwili wa nusu kilo ni sumu. Utomvu wa manjano wa mshubiri huharisha. Asali ni sukari kwa tumbo lisiloijua sukari. Majivu yanaunguza. Mafuta ya aina yoyote yatahama kutoka mguuni kwenda kwenye manyoya anapojisafisha, na manyoya yaliyolowa mafuta hayahifadhi tena hewa wala kumlinda.

Na za dukani je? Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua vijidudu na pia huua chembe changa zinazojaribu kuziba jeraha, mbali na uchungu wake. Dawa za kupaka zenye ganzi ziache. Mwili mdogo hunywa ganzi nyingi kupitia kidonda na ulimi. Malhamu za antibayotiki za binadamu zenye basitrasini nazo huishia tumboni. Paracetamol, aspirini na ibuprofeni usikadirie kwa kuvunja kidonge; kosa la kipimo kwa mnyama wa gramu 500 halina nafasi ya kurekebishwa. Maumivu yapo na yanastahili kutulizwa, tena mapema, lakini mwombe daktari. Mara nyingi atakupa meloksikamu ya maji na kukupimia kwa uzito wake.

Bandeji ndiyo niliyokuwa nimeikumbatia alfajiri ile. Kwenye kidole cha chinchila haifai. Ikikazwa inazuia damu, ikilegezwa inavuliwa. Mbaya zaidi, humfanya aanze kuutafuna mguu, na wapo wasiosita: hutafuna bandeji, wakaendelea na kidole. Ukimwona analamba mara mojamoja, hiyo ni kawaida. Akianza kung'ata jeraha lake mwenyewe, maumivu yamemzidi au mshipa wa fahamu umeguswa. Hilo la daktari siku hiyohiyo.

"Anakula?"

Nirudi kwa muuguzi wangu, maana nilimdharau bila sababu.

Tumbo la chinchila ni mtambo wa kuchachua nyasi, na mtambo huo hauzimwi usiku mmoja bila hasara. Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria wanaomsagia nyuzi za nyasi. Akiacha kula, chakula kinasimama, gesi inajaa, tumbo linauma, maumivu mapya yanamzuia zaidi kula, na mzunguko huo humuua mnyama ambaye jana alikuwa na ukucha uliokatika tu. Na anaweza kuacha kula kwa sababu ndogo kabisa. Kidole cha mbele kikiuma, hawezi kushika nyasi vizuri. Au kizimba kimebadilishwa, mwenzake ameondolewa, ameogopa.

Kwa hiyo jioni ya jeraha fanya mambo ambayo hayaonekani kama matibabu. Weka nyasi kavu laini karibu na anapolala, nyingi, zilizotawanywa ili aokote kwa mdomo bila kushika. Zile ngumu zenye ncha ziondoe, zisimchome. Maji yawe chini, asihitaji kupanda. Fagia kizimba kabisa, na asubuhi hesabu vinyesi. Chinchila mzima huacha punje nyingi usiku mmoja, kubwa na za kulingana. Zikiwa chache, ndogo, zilizopinda au hakuna kabisa, tumbo linapunguza mwendo. Mpime kwa mizani ya jikoni kila jioni saa ileile. Akishuka kutoka gramu 500 hadi 450, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Asipokula chochote kwa saa 12, mpigie daktari. Usingoje kesho kutwa kwa sababu kidole "kinaonekana vizuri".

Hapo ndipo suala la antibayotiki linapokuwa la kufa na kupona. Amoksilini karibu kila nyumba ninayoijua ina vidonge vyake vilivyobaki. Ukimpa chinchila amoksilini, ampisilini au penisilini nyingine kwa mdomo, au klindamaisini, au erithromaisini, zinawafyeka wale bakteria wema wa utumboni. Nafasi yao inachukuliwa na bakteria wa jamii ya klostridia, ambao hutoa sumu. Baada ya siku chache mnyama anaharisha, anapoa, anakufa, na kidole kimepona. Wapo madaktari wazuri wa ng'ombe na mbwa ambao hawajawahi kumtibu chinchila hata mmoja, kwa hiyo usione haya kusema, kwa adabu, "Daktari, huyu kwa tumbo ni kama sungura na simbilisi (guinea pig), dawa hii inamfaa kwa kumeza?" Zinazotumika zaidi ni enrofloksasini na trimethoprimu iliyochanganywa na salfa, kwa kipimo cha daktari. Na kwa jeraha safi lisilo na usaha, antibayotiki mara nyingi haihitajiki kabisa.

Safari yenyewe ya kliniki nayo ipangwe. Chinchila anastarehe kati ya nyuzi joto 10 na 20. Ikivuka 27, na hasa penye unyevunyevu, anaweza kupigwa na joto akafa. Ndugu zangu mnaowafuga Maskati au Dubai ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi, gari lipoozwe kwanza, mnyama ndipo aingie, na kando ya kisanduku weka chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwa taulo. Ninaoulizwa nao kutoka Dar es Salaam na Mombasa kama wanunue chinchila, huwajibu kwa mapenzi yote: pwani yetu ni ya watu na minazi. Umeme ukikatika mchana mmoja wa Februari, umempoteza.

Sugu zinazogeuka vidonda

Kuna jeraha la miguu ambalo halitokani na ajali, na kwa sababu linakuja polepole hakuna anayelitibu mapema. Mnyama akikaa siku zote juu ya waya, au juu ya ubao uliolowa mkojo, au akiwa mnene na hakimbii, uzito wake wote unakandamiza sehemu moja ya kisigino. Kwanza hutokea sugu, ngumu na ya manjano. Sugu peke yake si ugonjwa, wazee wengi wanayo. Kisha inakauka na kupasuka. Kwenye ufa wanaingia bakteria, mara nyingi stafilokoka, na chini ya sugu kunakuwa na usaha usiopata njia ya kutoka. Ukiachwa, ugonjwa unashuka hadi kwenye mfupa, na mfupa ulioingiwa hauponi kwa kuosha.

Ukiikuta ikiwa bado ni ufa mkavu, osha kwa maji ya chumvi, kausha, kisha paka mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu, tena kiduchu sana, cha kung'arisha tu, wakati ambapo amechoka na atatulia. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali mafuta. Lakini mafuta hayafanyi kazi kama sakafu ni ileile. Badilisha sakafu wiki hiyohiyo: ubao usiopakwa rangi, kigae kipana, sehemu ya nyasi nene, ili miguu ikutane na vitu tofauti. Wekundu ukienea, kisigino kikiwa cha moto, kikivimba au kikitoa majimaji, usikamue. Nenda.

Siku saba za kutulia

Mgonjwa wa kidole ahamie ghorofa moja. Ondoa rafu za juu na gurudumu la kukimbilia, au mhamishie kizimba kidogo kilicho kando ya kile cha zamani ili asikie harufu ya mwenzake na kumwona. Kama mwenzake ndiye aliyemng'ata, watenganishwe kwa wavu mbili zenye nafasi katikati, vidole visifikiane. Chini tandika karatasi nyeupe za jikoni: damu mpya au usaha utaviona mara moja, na akizitafuna kidogo hazimdhuru. Maranda yarudi jeraha likishafunga.

Mkague jioni anapoamka, si mchana anapolala. Mnyama anayewindwa hufundishwa na damu yake kuficha maumivu, na mchana utadanganyika. Anapoamka, anaponyoosha mgongo na kuanza kutembea, ndipo utaona kama uzito anaugawa sawa. Kufikia siku ya tatu wekundu uwe umepungua. Kufikia siku ya saba hadi ya kumi ngozi iwe imeziba. Ukucha unaweza kuota tena kama shina lake halikuharibika. La sivyo kidole kitabaki butu, na haidhuru. Hata kidole kilichokatwa na daktari hakimpunguzii maisha. Hiliki anaruka leo kama zamani, na anaweza kuishi miaka 15 au zaidi akiwa na kidole kimoja pungufu.

Kilichong'oa ukucha wa Karafuu nilikipata siku ya nne, nilipopitisha soksi nyembamba mkononi na kupapasa kizimba chote kwa ndani. Soksi ilinasa nyuma ya rafu ya juu, kwenye ncha ya waya iliyotoka nje milimita chache, mahali ambapo jicho halifiki. Niliikata kwa koleo na kuipiga tupa. Gurudumu la vijiti nilikwisha kulitupa. Sasa wana la sahani nzima, lenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 38. Ngazi ya waya nayo nimeifunika kwa ubao. Jumapili jioni nawapakata mmoja mmoja, tochi ikiwa mdomoni mwangu, na kufungua kila kidole kutafuta uzi. Karafuu husubiri petali ya waridi kavu anayojua iko mfukoni, na huipokea kwa mkono uleule wenye kidole butu.